Kuhamishia vyombo vya nyumbani Uingereza bila kulipa ushuru: mwongozo kwa anayehama kikazi kutoka Dar es Salaam au Mombasa

Ukipata kazi Uingereza na ukaamua kuhama na vyombo vyako, elewa kwanza kwamba msamaha wa ushuru hauombwi bandarini. Unaombwa mapema, kwa maandishi, na jibu linatakiwa liwe mkononi kabla meli haijafunga gati Felixstowe, London Gateway au Southampton. Mzigo ukitangulia jibu, wakala wako hana la kufanya ila kulipa ushuru wa forodha pamoja na VAT ya asilimia 20, ambayo hutozwa juu ya thamani ya vitu, nauli ya meli na ushuru wenyewe kwa pamoja. Asipolipa, mzigo unakaa bandarini na gharama za hifadhi zinapanda kila siku.

Msamaha wenyewe unaitwa Transfer of Residence, na fomu yake ni ToR1. Unatolewa na HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza. Ukikubaliwa unapewa namba ya kumbukumbu ambayo mawakala wa huko wanaiita URN. Kazi yote ya miezi miwili au mitatu kabla ya safari inalenga kupata namba hiyo, na kuhakikisha kilichomo ndani ya maboksi kinalingana na ulichoandika ulipoiomba.

Hatua ya 1: Hakikisha unastahili

Masharti makuu yako manne, na yote yanahusu muda.

Uwe umeishi nje ya Uingereza kwa miezi 12 mfululizo au zaidi kabla ya kuhama. Safari fupi za likizo au mikutano haziukati muda huo.

Kila kitu unachohamisha kiwe chako, na uwe umekitumia kwa angalau miezi 6 kabla ya siku unayohama.

Mzigo uingie Uingereza ndani ya miezi 12 tangu ulipohamia. Unaweza pia kuutanguliza hadi miezi 6 kabla ya wewe kufika, lakini hapo huenda ukatakiwa kuweka dhamana ya fedha.

Baada ya mzigo kuingia, usiuze, usiazimishe, usikodishe wala usigawe chochote kwa miezi 12 bila kuwaarifu HMRC na kulipa kinachodaiwa.

Sharti la miezi 6 ndilo linalowaangusha wengi kutoka kwetu, na chanzo ni ukarimu. Mtu akiagwa kazini, kanisani au msikitini na nyumbani, anaondoka na seti ya sufuria, doti za kanga, vitenge, mapazia na pengine runinga mpya. Vyote hivyo havistahili, kwa kuwa hajavitumia miezi 6. Na anayekwenda dukani wiki ya mwisho kununua vitu kwa kuwa "huko ni ghali" yuko kwenye kundi hilohilo. Vitu vipya si haramu kuvipeleka, ila viweke kwenye boksi lake, viorodheshwe peke yake kwa bei halisi, na vilipiwe. Ukivichanganya na vya zamani huku lebo za bei zinaning'inia, afisa akifungua boksi moja atakuwa na sababu ya kuyatilia shaka yote. Anayehama kwa ajili ya ndoa ana msamaha mwingine unaohusu vyombo vya kuanzia maisha na zawadi za harusi, wenye masharti yake. Usiuchanganye na huu.

Jambo jingine ni aina ya ajira. HMRC wanataka kuona makazi yako ya kawaida yamehamia Uingereza, yaani mahali unapoishi angalau siku 185 katika miezi 12 kwa sababu ya kazi na uhusiano wako wa kifamilia. Mwenye mkataba wa miaka 3 anayehama na mke au mume na watoto hana shida kueleza hilo. Mwenye mkataba wa miezi 8 ambaye familia inabaki Morogoro au Kisumu na anarudi kila likizo atapata taabu kuwashawishi, na kwake ni afadhali asafiri na masanduku mawili ya ndege kuliko kukodi nafasi kwenye kontena.

Visivyoingia kwenye msamaha

Pombe na tumbaku ya aina yoyote. Magari ya biashara. Vifaa vya biashara, isipokuwa zana za kubebeka za taaluma au sanaa: stetoskopu ya daktari, kamera ya mpiga picha, gitaa la mwanamuziki. Cherehani moja ya nyumbani ni chombo cha nyumbani, lakini cherehani tano za karakana ni biashara. Kompyuta ya mwajiri si mali yako hata kama unaishi nayo, kwa hiyo usiiorodheshe.

Kisha kuna vitu ambavyo msamaha wa ushuru hauvisaidii kwa sababu vinagusa sheria nyingine, na hivi ndivyo hukwamisha kontena zima:

Nyama na maziwa kwa namna yoyote. Nyama ya kukausha, samli ya mama, maziwa ya unga, jibini: acha.

Udongo, mbegu na miche. Hata vikapu na vyungu vilivyotumika shambani visuguliwe mpaka pasibaki tope kwenye mishono.

Ngoma iliyowambwa kwa ngozi mbichi, na ngozi zisizotengenezwa kiwandani.

Pembe za ndovu, magamba ya kasa, matumbawe, na chochote cha mnyamapori. Hapa tatizo linaanzia bandari ya kwetu kabla hata ya kufika huko.

Vinyago vya mpingo. Karibu miti yote ya jamii ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kuanzia Januari 2017. Bidhaa zilizokamilika zinaruhusiwa bila kibali ikiwa jumla ya mti huo kwenye shehena haizidi kilo 10. Kinyago kimoja kikubwa cha ujamaa cha Wamakonde kinaweza kupita uzito huo peke yake. Vipime kwenye mizani, andika kilo kwenye orodha, na vikizidi tafuta kibali cha CITES kabla ya kupakia.

Milango ya kale ya kuchongwa na vitu vingine vya kale vinalindwa na sheria za mambo ya kale. Usivipakie bila kibali cha maandishi.

Mitungi ya gesi, rangi, dawa za kupulizia, jenereta yenye mafuta na betri za akiba za simu ni mizigo hatari kwa meli. Mapanga, sime na mikuki ya mapambo pia iache, maana sheria za Uingereza kuhusu silaha zenye makali ni kali.

Hatua ya 2: Amua kipi kinalipa nauli yake

Soketi za Tanzania na Kenya ni zilezile za Uingereza, pini tatu za mraba, na umeme unalingana. Kwa hiyo pasi, blenda na taa zako zitafanya kazi bila adapta. Hata hivyo kufanya kazi si sababu ya kutosha. Friji inakula karibu mita moja ya ujazo, na nyumba nyingi za kupanga Uingereza zina friji na jiko tayari.

Vitanda vyetu vinaleta usumbufu usiotarajiwa. Godoro la futi 5 kwa 6 ni sentimita 152 kwa 183. La huko linalokaribiana nalo ni 150 kwa 200. Fremu yako na godoro lako vikienda pamoja vitafaa, lakini ukinunua shuka na magodoro ya huko hayataingia kwenye fremu. La futi 6 kwa 6 ni kero zaidi: nyumba za zamani za Uingereza zina ngazi nyembamba zenye kona, na fremu isiyofunguka vipande haipandi. Pima kipande kirefu kisichofunguka kabla ya kulipia usafiri wake.

Vinavyolipa nauli yake ni vile vigumu kupata huko au vyenye thamani kwako kuliko bei yake: vitabu, vyombo vya jikoni ulivyovizoea, mbuzi ya kukunia nazi, kinu, nguo, picha, vitu vya watoto, ala za muziki, baiskeli nzuri. Kinu na samani za mbao vigeuze na uvikague chini. Ukiona matundu madogo na unga laini ukidondoka, kuna bungua. Tibu au acha, kwa sababu wadudu hai wakionekana ukaguzini unalipia ufukizaji wa dawa kwa bei ya bandari.

Gari linaruhusiwa kwenye msamaha kwa sharti lilelile la miezi 6, na sote tunaendesha upande wa kushoto. Lakini lazima uwaarifu HMRC ndani ya siku 14 tangu lifike, lipite taratibu za usajili, na likiwa na umri chini ya miaka 10 linahitaji idhini ya kiufundi. Kwa gari la kawaida hesabu haikubali.

Hatua ya 3: Pima ujazo, kisha omba bei

Usiombe bei kwa kusema "vyumba viwili na sebule". Pima urefu, upana na kimo kwa sentimita, zidisha, gawa kwa 1,000,000, unapata mita za ujazo, CBM kama wanavyosema mawakala. Katoni ya 45 × 45 × 50 ni CBM 0.1. Mfano wa familia ndogo:

Katoni 35: 3.5
Godoro la 5 × 6, inchi 10: 0.7
Godoro la mtoto: 0.4
Sofa ya watu watatu, 210 × 90 × 90: 1.7
Baiskeli mbili: 0.6
Jumla: 6.9

Ongeza asilimia 10 hadi 15 kwa vifungashio na nafasi zinazopotea, useme CBM 8. Ona sofa moja ilivyokula robo ya mzigo. Ukiitoa, gharama inashuka kwa kiasi ambacho mara nyingi kinatosha kununua sofa iliyotumika huko.

Kwa CBM 8 utachangia kontena na wengine. Kontena la futi 20 lina kama CBM 33 ndani, lakini kwa vyombo vya nyumbani hesabu 26 hadi 28 tu, maana maumbo hayalingani. Mzigo ukivuka CBM 13 hadi 15, omba bei ya kuchangia na ya kontena zima, uzilinganishe. Kontena zima lina faida nyingine: halisubiri wengine kujaza, na shida ya nyaraka za jirani haikushiki.

Ndege huhesabu tofauti. Urefu kwa upana kwa kimo hugawanywa kwa 6,000 kupata kilo za ujazo, na unalipia zilizo kubwa kati ya hizo na za mizani. Katoni yetu ya 0.1 yenye nguo za kilo 9 italipiwa kama kilo 17. Kwa ndege peleka vya wiki za mwanzo tu.

Omba bei kwa kampuni tatu, na itake iwe "mlango hadi mlango" kwa maandishi. Mtego wa kawaida ni bei nafuu ya bahari inayoishia bandarini, kisha upande wa Uingereza unadaiwa gharama za kushusha, nyaraka, forodha na lori, wakati mzigo uko mikononi mwao na huna pa kwenda. Uliza haya moja moja na upate jibu la kila moja: gharama za bandari pande zote mbili ziko ndani? Ukaguzi wa forodha ukifanyika nani analipa? Siku ngapi za hifadhi ni za bure? Kupandisha ghorofani kunahesabiwaje? Kibali cha kuegesha lori mtaani ni cha nani? Kampuni iwe na wakala wa forodha mwenye leseni. Ulizia uanachama wa chama cha mawakala wa mizigo, Tanzania TAFFA na Kenya KIFWA, na ukitaka uhakika zaidi tafuta kampuni zilizo ndani ya FIDI, mtandao wa kimataifa wa kampuni za kuhamisha vyombo.

Hatua ya 4: Andika orodha

Orodha ndiyo msingi wa ombi, wa upakiaji, wa bima na wa madai endapo kitu kitapotea. Ipe jioni mbili au tatu kamili. Iandike kwa Kiingereza, kwa sababu watakaoisoma ni maafisa wa huko, na iwe na safu sita: namba ya boksi, kitu, idadi, mwaka ulioanza kukitumia, hali, thamani ya sasa kwa pauni.

Mstari unaosema "Boksi 14, vyombo" hauna maana kwa afisa. Mstari unaosema "Boksi 14: sufuria za alumini 6, tangu 2021, zimetumika, pauni 25, sahani za kauri 12, tangu 2019, zimetumika, pauni 15" unamaliza maswali. Nguo na vitabu unaweza kuvijumlisha: "nguo za watu wazima, zimetumika, boksi 4". Vifaa vya umeme viandike kwa chapa, modeli na namba ya utambulisho. Baiskeli pia.

Thamani ya forodha ni bei ambayo kitu kingeuzwa leo kikiwa kimetumika. Thamani ya bima ni gharama ya kukinunua upya mahali unakohamia. Ni tarakimu mbili tofauti, kwa hiyo tengeneza nakala mbili za orodha zenye namba zilezile za maboksi, kila moja ikiwa na kichwa kinachosema ni thamani gani. Ukitumia moja kwa kazi zote mbili, ama bima itakupunja au forodha watakuuliza inakuwaje sufuria za miaka mitano zina bei ya mpya.

Si lazima uwe na risiti ya kila kijiko, lakini kwa vitu vya thamani weka ushahidi: risiti, kadi ya dhamana, ujumbe wa M-Pesa wa siku uliponunua, picha ya zamani ya sebule inayoonyesha runinga hiyohiyo. Vihifadhi kwenye simu na kwenye barua pepe.

Hatua ya 5: Tuma ToR1

Fomu hujazwa kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza na haina malipo. Yeyote anayekutoza "ada ya ToR1" anatoza kazi yake ya kukujazia, na kazi hiyo unaiweza. Andaa hivi:

Ukurasa wa picha wa pasipoti, na ushahidi wa viza ya kazi.

Uthibitisho wa anwani ya huku: mkataba wa pango, bili ya umeme au maji, taarifa ya benki. Hapa watu wetu hukwama, kwa kuwa bili iko kwa jina la mwenye nyumba na malipo ni ya LUKU au tokeni za simu. Taarifa ya benki yenye anwani ya makazi, mkataba wa pango uliosainiwa au barua ya mwajiri wa sasa itaziba pengo. Anza kuvitafuta mapema, kabla hujafunga akaunti.

Uthibitisho wa anwani ya Uingereza: mkataba wa pango, au barua ya mwajiri mpya inayotaja makazi aliyokupangia.

Orodha yenyewe, yenye vitu vyote, viwe vinakwenda kwa meli au kwa ndege.

Jina liandikwe lilivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule, kwenye fomu, orodha, bima na hati ya meli. Mwenye majina matatu hapa na mawili pale atapoteza siku nyingi akieleza kuwa ni mtu yuleyule.

Acha angalau wiki 6 kati ya kutuma ombi na meli kufika. Wakiuliza swali, jibu siku hiyohiyo. URN ikifika, itume kwa wakala wa Uingereza, si wa Dar au Mombasa peke yake, na umwombe athibitishe kwamba tamko la forodha litatumia msimbo wa nyongeza C01, ambao ndio wa kuhamisha makazi. Namba ikibaki kwenye barua pepe yako bila kuingizwa kwenye tamko, mfumo unatoza kodi kama kawaida.

Hatua ya 6: Kufunga

Tumia katoni za kuta mbili. Vitabu viwe kwenye katoni ndogo, zisizidi kilo 20. Katoni kubwa ya vitabu hupasuka chini mara ya tatu inapoinuliwa, na itainuliwa zaidi ya mara kumi. Sahani zisimamishwe kama vitabu rafuni. Ukizilaza, uzito wote unaziangukia zile za chini. Tumia karatasi nyeupe, maana wino wa magazeti huhamia kwenye kauri na nguo kwa unyevu. Mwisho tikisa boksi: kikisikika kitu, fungua ujaze.

Unyevu ndio adui mkubwa wa njia hii. Kontena linafungwa Mombasa au Dar kwenye joto na hewa yenye maji, kisha linaingia kwenye baridi ya kaskazini. Maji yaliyomo hewani yanashika darini na kudondoka kama mvua ndani ya kontena. Kwa hiyo usifunge kitu chenye unyevunyevu, hasa msimu wa masika. Friji izimwe na ikaushwe siku mbili mlango ukiwa wazi, kisha ifungwe na kitambaa kikizuia mlango usibane kabisa. Weka vifuko vya silika kwenye maboksi ya nguo, viatu na vitabu, na omba mifuko mikubwa ya kunyonya unyevu itundikwe kwenye kuta za kontena. Godoro livikwe mfuko wake likiwa kavu kabisa, la sivyo litafika na madoa ya ukungu.

Mashine ya kufulia irudishiwe boliti zake za safari nyuma. Bila hizo pipa la ndani hucheza njia nzima na mashine hufika imevunjika huku kwa nje haina hata mkwaruzo.

Kreti na paleti za mbao ziwe na muhuri wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha vifungashio vya mbao: alama ya suke la ngano, herufi mbili za nchi na herufi HT, maana yake mbao zimepashwa joto hadi nyuzi 56 katikati kwa dakika 30. Fundi akikugongea kreti mtaani kwa mbao za kawaida, inaweza kuzuiwa pamoja na kilichomo.

Andika namba ya boksi pande tatu, mfano 14/35, pamoja na jina lako. Usiandike "runinga" wala "vito" kwa nje.

Hatua ya 7: Hati ya meli na kuondoka

Wakala atawasilisha tamko la kusafirisha nje kwa TRA au KRA, akitumia pasipoti, TIN au PIN na orodha yako. Wewe kazi yako ni kusoma rasimu ya hati ya shehena, B/L, kabla haijatolewa. Angalia vitu vinne: mpokeaji ni wewe kwa jina la pasipoti, wala si mwajiri hata kama ndiye anayelipa; maelezo yasomeke "used household goods and personal effects"; idadi ya maboksi ilingane na orodha; na namba ya lakiri ya kontena iwepo. Kurekebisha kosa kabla meli haijaondoka ni simu moja. Ikishaondoka ni ada na siku. Uliza pia kama mzigo utatolewa kwa hati halisi ya karatasi au kwa uthibitisho wa kielektroniki. Ikiwa ni ya karatasi, usiisahau kwenye droo Dar.

Kuhusu muda, mzigo mara nyingi hubadilishiwa meli njiani, na mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Jipangie wiki 8 hadi 12 mlango hadi mlango, na uhakikishe una nguo za baridi kwenye sanduku la ndege.

Bima

Chukua bima ya hatari zote. Maboksi uliyofunga mwenyewe kwa kawaida hayalipwi vikivunjika vitu vya ndani, hulipwa tu boksi zima likipotea. Kwa hiyo vitu vya kuvunjika wafunge wao. Soma pia kama inagharamia vifaa vya umeme vinavyofika vizima lakini havifanyi kazi, na kama inagharamia mchango wa hasara ya pamoja. Huo wa mwisho watu hawaujui: meli ikipata janga na gharama za kuiokoa zikatangazwa kuwa za pamoja, kila mwenye mzigo huchangia, na mzigo wako hautolewi hadi uweke dhamana. Meli ya Ever Given iliponasa mfereji wa Suez Machi 2021, ndivyo ilivyotangazwa. Mwenye bima aliiachia kampuni yake. Asiye nayo alitakiwa atoe fedha mwenyewe.

Kupokea

Kontena likifika mlangoni, linganisha namba ya lakiri na ile ya hati kabla halijafunguliwa, uipige picha. Simama mlangoni na orodha, weka alama kila boksi linapopita. Boksi lililobonyea au kulowa liandike kwenye karatasi ya dereva kabla ya kusaini. Kwa uharibifu usioonekana nje, mwarifu msafirishaji kwa maandishi ndani ya siku 3, kisha bima ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba. Fungua maboksi ya vitu vya thamani siku hiyohiyo, hata kama rafu hazijafika.

Ukikuta umetozwa kodi wakati URN ilikuwepo, mwombe wakala nakala ya tamko uangalie kama C01 na namba yako viliandikwa. Vikikosekana, anaweza kudai kodi irudishwe kwa niaba yako, na dirisha la kudai ni miaka 3. Ukinyimwa msamaha wenyewe, una siku 30 kuomba uamuzi uangaliwe upya, na hapo ndipo zile picha za sebule na ujumbe wa M-Pesa vinapofaa.

Kama unakwenda kwingine

Nchi za Umoja wa Ulaya zinafuata masharti yanayofanana sana na haya, chini ya kanuni 1186/2009, ila fomu ni za nchi husika. Marekani hutumia fomu 3299, na vyombo vya nyumbani huko vinatakiwa viwe vimetumika mwaka mmoja, si miezi 6. Kanada ina sharti ambalo ukilikosa hulirudii kirahisi: siku ya kwanza unapotua, mkabidhi afisa wa forodha uwanjani orodha ya unavyobeba na ya "vitakavyofuata", hata kama kontena bado liko Mombasa.